Mhariri, ngoma zetu zinakufa kwa kukosa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, na kila nikifungua magazeti naona watu wanaliandika nusu nusu. Barua nyingi za utamaduni kupotea zinaanza na simu, zinakuja kwenye tamthilia za Wakorea na Waturuki, zinapita kwenye suruali za kubana na nywele za bandia, halafu mwisho mwandishi anaiomba serikali ipige marufuku. Mimi nakubali mambo ya nje yametuingia na yanaingia kwa kasi sana, hapo sibishi hata kidogo. Ila naomba tuulizane kitu kingine, hivi vya kwetu tuliviweka wapi wakati hivyo vya nje vinaingia?

Mimi ni mkazi wa Mbagala, kwetu Maneromango wilaya ya Kisarawe, Mzaramo baba na mama. Nawazungumzia Wazaramo kwa sababu ndio ninaowajua, na kwa sababu jiji hili limekaa juu ya ardhi yao. Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga hapa miaka ya 1860 na jina la Dar es Salaam kuja, palikuwa na kijiji kinaitwa Mzizima, cha Washomvi na Wazaramo, wavuvi na wakulima. Leo kwa sensa ya 2022 tuko zaidi ya milioni 5 hapa jijini, tumetoka kila kona ya nchi na ni jambo jema, hakuna anayetaka mtu aondoke. Lakini kuna shule kule Temeke inaitwa Kibasila, watoto wanaingia na kutoka kila siku na sare zao zimepigwa pasi vizuri, waulize Kibasila alikuwa nani. Wachache sana watakwambia alikuwa kiongozi wa Kizaramo aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Mtoto anaandika jina hilo juu ya kila daftari na halimwambii kitu.

Sasa nije kwenye ngoma. Kwa asiyeujua, mdundiko ni ngoma ya kutembea. Unaanzia kwa mwenye shughuli, ametoa mwali au anaoza, wapigaji wamebeba ngoma zao na watu wanaondoka nao huku wanacheza, wanakata mtaa huu wanaingia ule, kila kona watu wanaongezeka, wenye maduka wanatoka nje kushangilia. Wazazi wa mjini hapa walikuwa wanauogopa kwa jambo moja tu, watoto walikuwa wanaufuata mpaka wanajikuta mitaa wasiyoijua na ikifika magharibi unasikia watu wanaulizana mtoto wangu mmemwona. Ukitoka mdundiko kuna vanga, kuna nyimbo za mkole za kumwimbia mwali, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake na siku yake na watu wake. Hapakuwa na mtu aliyeamka asubuhi akasema leo tudumishe utamaduni, watu walikuwa na mtoto amevunja ungo, ana haja ya kufundishwa, basi ngoma inapigwa.

Hapo ndo penye neno langu, mhariri. Ngoma ilikuwa na kazi na sisi tumeiachisha kazi, halafu tunashangaa kwa nini imekonda.

Chukua harusi za hapa mjini. Kamati inakaa vikao miezi kadhaa, kuna mwenyekiti na mweka hazina na grupu la WhatsApp, kadi za mchango zinagawiwa, singo kiasi hiki dabo kiasi hiki. Bajeti inasomwa, ukumbi, mapambo, chakula, vinywaji, emsii, dijei, mpiga picha, video, matarumbeta, gari la maharusi, keki. Nimekaa kwenye vikao hivyo na nimesikiliza bajeti zikisomwa, mstari wa kungwi haupo. Emsii analipwa laki kadhaa na wengine inafika milioni na hakuna anayeguna. Bibi aliyewafunda wanawake wa ukoo mzima analetwa na Noah kutoka Kisarawe, anakalishwa meza ya nyuma karibu na spika, anapewa soda na sahani, anaitwa mara moja kupiga picha na maharusi, basi kazi yake imekwisha. Huyo bibi kichwani mwake ana nyimbo ambazo hazijaandikwa popote. Akizikwa zinazikwa naye, na sisi tutakuwa tumekaa naye ukumbi mmoja saa sita nzima bila kumwomba hata wimbo mmoja.

Kumfunda mwali kwenyewe kumekuwa kicheni pati. Anaitwa mwanamama maarufu na kipaza sauti, anaongea mbele ya watu mia mbili na kamera, maneno yaleyale aliyomwambia bi harusi wa wiki iliyopita kule Sinza ndio anamwambia wa leo Tabata, na mengine yanatia aibu kuyasikiliza ukiwa umekaa na mkweo, kesho yake yote yako mtandaoni. Kufundwa kulikuwa ndani, kwa siku nyingi, na anayekufunda anakujua wewe, anajua mama yako alivyo, anajua ukoo unaoingia una tabia gani. Ukiharibu kwenye ndoa anaitwa yeye, anaulizwa, huyu ulimfunda nini? Kwa hiyo alikuwa na dhamana na alikuwa anarudi kukuangalia. Yule wa kipaza sauti akishalipwa salio lake mtaonana naye wapi.

Na msibani pia. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya pwani na bara, na mtani msibani alikuwa na kazi kubwa, anazuia mambo mpaka alipwe chake, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea na alivyokuwa anadai madeni, mfiwa anajikuta anacheka na machozi yako mashavuni. Mtaalamu wa saikolojia wa siku hizi ukimweleza atakwambia hiyo ni tiba. Siku hizi mtani akianza anaambiwa kaa chini mzee tuna ratiba, kuna mtu anarusha matangazo mubashara kwa ndugu walioko nje.

Wapo watakaosema mambo ya nje ndiyo yaliyofanya haya yote. Nawaomba wawaangalie wazee wetu. Mwanzoni mwa karne iliyopita ngoma ya beni iliingia huku kutokea pwani ya Kenya, watu wameona bendi za kijeshi za wazungu wakaichukua ile kitu, wakaunda vyama vyao, hapa Dar kulikuwa na Marini na Arinoti, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakashonesha sare, wakashindana kwa nyimbo za mafumbo na kwa kulisha watu. Hata haya matarumbeta ya juu ya pikapu kwenye harusi zetu mimi nayaona ni wajukuu wa beni. Likaja dansi, Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, gitaa halikuwa letu likawa letu. Dufu na maulidi navyo vilikuja na watu kutoka ng'ambo na leo mwambie Mzaramo wa Mkuranga kwamba maulidi si mila yake uone atakavyokujibu. Kanga kitambaa chake kilikuwa kinakuja na meli, maneno tukayatia sisi.

Kwa nini wale hawakumezwa? Kwa sababu waliokuwa wanapokea walikuwa wamepita jandoni na unyagoni, wana sikio, wana mkono, wanajua wimbo wa dongo unajengwaje na mcheza ngoma anaingiaje uwanjani. Cha mgeni kilikuta mwenyeji yupo nyumbani. Mtoto wetu wa leo anakipokea akiwa hana kitu, hata cha kulinganishia hana, ndio maana chochote kinachokuja kinakaa jinsi kilivyokuja.

Nasema hivi na huku naipenda singeli, wenzangu wa rika langu wanisamehe. Vijana wa Manzese na Tandale na Mburahati wamechukua kompyuta wakatoa kitu ambacho wazungu wanakifuata mpaka huku, na ukitega sikio ukaacha ile spidi inayokuchanganya utakuta chini yake ni mchiriku, ule muziki wa mitaani uliotangulia singeli, na chini ya mchiriku ni ngoma zetu za Pwani. Yaani mapigo yamevuka. Ila mafunzo hayajavuka, maana kijana aliyapata mapigo mtaani kwa masikio yake mwenyewe, hakuna mzee aliyemkalisha akamwambia wimbo huu unaimbwa siku gani na kwa nini, na neno hili huliimbi mbele ya mama zako. Tunamlaumu kwa matusi wakati nafasi ya aliyetakiwa kumfunza tumeifuta sisi.

Mfano mwingine ni wa Wachaga, nawapongeza kwa moyo mweupe. Ile ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa na majani mdomoni, ilikuwa ya kwao Kilimanjaro, leo nenda harusi ya Mzaramo, ya Mhaya, ya Mngoni hapa Dar utaikuta inaingizwa ukumbini na watu wamesimama wanashangilia, wengine wanaiita keki ya Kiafrika. Hakuna amri ya serikali iliyofanya hivyo. Wachaga walikuja na chao mjini wakakipa nafasi kwenye shughuli halisi, kikakaa, na wengine wakakipenda. Sisi wenyeji tuliona haya. Tulianza kuambiwa mambo ya uswahilini, mambo ya washamba, mahubiri mengine yakaongeza kwamba ngoma ni ushirikina mtupu, na baba mwenye nyumba akishahamia mtaa wenye geti hataki mdundiko umpitie mlangoni.

Kuhusu marufuku, nchi hii tulishajaribu. Ilikuwepo Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwisho wa 1968 na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikawa marufuku, mabinti wakawa wanakimbizwa mitaani na kuchaniwa nguo. Na katika miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wanaambiwa wavue lubega wavae suruali, waonekane wa kisasa. Yaani dada wa mjini anapigwa kwa kuiga wazungu na Mmasai anasumbuliwa kwa kutowaiga! Tulipata ngoma gani pale? Tulipata uoga tu, na wigi leo linauzwa kila duka Kariakoo. Televisheni Bara ilikuwa haipo mpaka 1994, kwa hiyo miaka yote ya uhuru hadi hapo hatukuwa na huyo adui tunayemtaja kila siku, na ngoma zilishaanza kusinyaa.

Mwalimu alipokuwa rais mwezi Desemba 1962 aliunda wizara ya utamaduni, na kwenye hotuba yake akaeleza kwamba katika mabaya yote ya mkoloni baya zaidi ni kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wowote, akataka wizara itafute mila nzuri za makabila yote ziwe za taifa. Nalisema hili kwa wale watakaoniambia naleta ukabila, maana najua watakuwepo. Sensa yetu mara ya mwisho kuuliza mtu kabila lake ilikuwa 1967 na mimi naona ni sawa, sihitaji kuhesabiwa ili nimzidi mtu. Lakini huwezi kuchukua mila nzuri za makabila yote kama makabila yenyewe hayazijui tena, utachukua wapi? Umoja wetu hautavunjwa na bibi wa Maneromango akiimba.

Pale pia tuliteleza kidogo kama taifa, naomba niseme kwa heshima kwa sababu kazi kubwa ilifanyika. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo 1981, na vijana wanatoka pale ni wasanii kwelikweli, wanacheza ngoma za mikoa yote. Ila ngoma ikaenda jukwaani, ikakatwa ikawa ya dakika tano, ikapewa sare, ikawa ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege na kufungulia mkutano. Hatua za miguu zimebaki ila sababu ya kucheza imebaki kijijini. Mtalii anaiona ngoma yetu kuliko mtoto wa Buza. Tuna Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, ni pazuri na nawashauri wazazi wawapeleke watoto, nyumba za makabila zipo na wikiendi ngoma zinapigwa, lakini makumbusho inatunza, haiozeshi wala haifundi.

Na vyetu vingine havipo hata huko. Kuna mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho mwali wa Kizaramo alikuwa anakaa nacho ndani, anakipaka mafuta, anakilea kama mtoto ili ajue kulea. Vizuri vyake viko makumbusho za Ulaya na Marekani, ndani ya kioo na taa juu. Rais wa Ujerumani alikuja Songea mwaka 2023 akaomba radhi kwa mauaji ya Maji Maji, na mazungumzo ya kurudisha vitu vyetu yanaendelea, mimi naunga mkono virudi vyote. Ila nawaza, mwana hiti akishushwa uwanja wa ndege leo tutampa nani? Kungwi yuko wapi, na mwali mwenyewe yuko wapi? Tutamweka kwenye kioo kingine tu, cha makumbusho yetu pale Posta.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila cha zamani nakitaka. Mtoto wa kike kutolewa shule akafungiwa ndani kisha akaozwa, hapana, na sheria tangu 2016 inamfunga miaka 30 anayeoa mwanafunzi na iwe hivyohivyo. Kule Pwani wapo wazee walioshaelewa, shughuli wanaiweka kipindi cha likizo, wanafupisha, yale yasiyofaa kwa umri wa mtoto wanayaacha mpaka akikua. Hiyo inaonesha mila inaweza kurekebishwa ikiwa mikononi mwa wenyewe na ikiwa hai. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao alikuwa mwalimu wa unyago na alipiga ngoma ya msondo mpaka uzeeni, wanawake walimwita kwa sababu walikuwa na kazi ya kumpa. Wasichana wa Dar hedhi wanajifunza kwenye simu na uhusiano wanajifunza kwa watu wasiowajua, sasa nani mwenye hasara hapo.

Kitu kingine ambacho hakisemwi ni uwanja. Ngoma inataka mahali. Mbagala nilipokulia palikuwa na viwanja vya wazi chini ya miembe, leo kila kipande kimeuzwa, fremu za maduka mbele na vyumba vya kupanga nyuma, hata Chanika na Kigamboni mashamba ya wazee yamekatwa viploti. Wazaramo wengi tuliuza wenyewe kwa shida na kwa harusi, nalisema kwa uchungu. Ukitaka kupiga ngoma barabarani ni kibali cha serikali ya mtaa na cha polisi, na ukipata muda unaisha ngoma haijapata moto. Vigodoro, zile ngoma za kukesha mitaani, viliharibu sana hapa, watu walifanya uchafu usiku kucha mpaka serikali ikaingilia, na sasa mkutano wowote wenye ngoma mtendaji anauona ni kigodoro. Halmashauri zinapopima maeneo mapya zinaweka shule, zahanati, soko, ziweke na uwanja mmoja wa shughuli za wananchi, usiozungushiwa ukuta na usiouzwa baadaye.

Naombea na mengine machache. Kamati za harusi ziandike mstari wa kungwi na wapiga ngoma kwenye bajeti, na uwe wa kwanza kabla ya dijei, walipwe pesa taslimu kama wengine wanavyolipwa, doti ya kanga iwe nyongeza tu. Shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, walimu wakuu wamwite mzee wa eneo lao aje afundishe kipindi, awe Mzaramo au Mndengereko au yeyote mwenye kitu. TBC wana kanda za Radio Tanzania ya zamani, watangazaji na mafundi wale walizunguka nchi nzima na mashine zao kurekodi ngoma vijijini, kazi ya jasho sana ile, zitolewe kila wiki hewani saa ambayo watu wako macho, na wenye vijiji vyao watajwe.

Na wewe mhariri naomba utupe safu, hata robo ukurasa kila Jumamosi, wasomaji wa Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo na humu jijini watume wimbo mmoja mmoja wa kwao na maelezo yake, unaimbwa lini, nani anaanza nani anaitikia. Wa kwanza nitautuma mimi, ni wa mkole, shangazi yangu ameniruhusu na tumeshauandika wote beti zake, isipokuwa zile mbili ambazo amesema si za gazetini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzaramo wa Mbagala,
Dar es Salaam.